Huduma ya kwanza kazini katika Wilaya ya Kibiti na delta ya Rufiji

Huduma ya kwanza kazini ni msaada wa haraka anaopewa mtu aliyeumia au kuugua ghafla akiwa kazini, kabla hajafikishwa kwenye zahanati, kituo cha afya au hospitali. Msaada huo unaweza kutolewa na mtu yeyote aliyefundishwa, hata kama si mganga wala muuguzi. Nchini Tanzania wajibu wa kuuandaa ni wa mwajiri.

Makala hii inaeleza wajibu huo na namna unavyotekelezeka katika Wilaya ya Kibiti, mkoa wa Pwani, hasa kwenye delta ya mto Rufiji. Huko kazi nyingi hufanyika mbali na barabara, na nyingine hazina mwajiri anayejulikana kwa maandishi. Vitabu vingi vya huduma ya kwanza huandikwa kwa msomaji ambaye gari la wagonjwa litamfikia baada ya muda mfupi. Deltani majeruhi hungoja maji yajae.

Mazingira ya kazi

Kibiti ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Rufiji hadi ilipotengwa kuwa wilaya ya peke yake katikati ya miaka ya 2010. Mji wenyewe uko kando ya barabara kuu iendayo Lindi na Mtwara, takriban kilomita 140 kusini mwa Dar es Salaam. Kandokando ya barabara hiyo kuna gereji, karakana za useremala, vituo vya mafuta, maghala ya korosho, shule, mafundi ujenzi na vijiwe vya bodaboda. Ajali za huko hazitofautiani sana na za miji mingine midogo ya Tanzania.

Upande wa mashariki hali ni nyingine. Mto hugawanyika katika matawi mengi yanayoingia Bahari ya Hindi mkabala na kisiwa cha Mafia, na katikati yake umesimama msitu wa mikoko wenye takriban hekta 50,000, ulio mkubwa kuliko msitu mwingine wowote wa mikoko ulioungana katika pwani ya Afrika Mashariki. Tangu mwaka 2004 delta pamoja na maeneo ya Mafia na Kilwa imo katika orodha ya Mkataba wa Ramsar wa ardhioevu. Watu wa huko hulima mpunga, huvua samaki na kamba, hukamata kaa, hukata boriti za mikoko kwa leseni, huunda vyombo na kusafirisha abiria na mizigo. Nyamisati ndiyo bandari ya kuvukia kwenda Kilindoni, Mafia.

Sheria na wajibu

Sheria kuu ya Tanzania Bara ni Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya mwaka 2003. Ilichukua nafasi ya sheria ya viwanda ya mwaka 1950, iliyotungwa wakati wa utawala wa Waingereza na kufuata kwa karibu sheria ya viwanda ya Uingereza ya mwaka 1937. Sheria hiyo ya Uingereza ilidai sanduku la huduma ya kwanza katika kila kiwanda, sanduku la ziada pale wafanyakazi walipozidi 150, na mtu aliyefundishwa wa kulisimamia pale walipozidi 50. Fikra hizo za sanduku moja lililo karibu na mtu mmoja anayejulikana kulisimamia zimebaki katika sheria za Afrika Mashariki hadi leo. Zilitokana na kiwanda chenye kuta na mlango, na ndiyo maana zinakwama kidogo zinapopelekwa msituni au kwenye mashua.

Msimamizi wa sheria ya 2003 ni Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, unaojulikana kwa kifupi OSHA, ulioanzishwa mwaka 2001. Wakala husajili sehemu za kazi, hufanya ukaguzi na hutoa mafunzo, yakiwemo ya huduma ya kwanza. Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2005, Uganda ya mwaka 2006 na Kenya ya mwaka 2007.

Kimataifa, Mkataba Na. 155 wa Shirika la Kazi Duniani (ILO) wa mwaka 1981 unataka waajiri waandae njia za kukabili dharura na ajali, pamoja na mipango ya kutosha ya huduma ya kwanza. Mwaka 2022 shirika hilo liliingiza mazingira salama na yenye afya kazini miongoni mwa haki za msingi za wafanyakazi.

Kwa lugha nyepesi, mwajiri anatakiwa kuweka vifaa vya huduma ya kwanza mahali panapofikika kwa urahisi, kuwa na mtu anayejua kuvitumia wakati wote kazi inapoendelea, na kuwaeleza wafanyakazi wote vifaa viko wapi na nani wa kumwita. Gharama ni zake. Hazikatwi kwenye mshahara. Mfanyakazi kwa upande wake anatakiwa kujilinda, kutumia vifaa vya kinga alivyopewa, na kutoa taarifa ya ajali au hatari mara anapoiona. Ajira ya kibarua wa siku moja haimwondolei mwajiri wajibu huo.

Sanduku

Sanduku la kawaida huwa na glavu, bandeji za ukubwa mbalimbali, shashi safi, plasta, vitambaa vya pembetatu vya kufungia mkono, mkasi, pini, maji safi ya chupa ya kuoshea jicho au kidonda, kifaa cha kupulizia pumzi bila kugusana midomo, blanketi jepesi, pamoja na daftari na kalamu. Vidonge havitakiwi humo, kwa kuwa kumpa mtu dawa ni kazi ya mtaalamu wa afya. Alama ya kimataifa ya huduma ya kwanza ni msalaba mweupe juu ya rangi ya kijani. Msalaba mwekundu uliochorwa kwenye masanduku mengi ni nembo inayolindwa na Mikataba ya Geneva, na si ya matumizi ya kila mtu.

Makosa ya kawaida ni mawili. La kwanza ni kufuli: sanduku limefungwa, na ufunguo uko mfukoni mwa mtu aliyekwenda Dar es Salaam. La pili ni sanduku kuwa tupu, kwa sababu plasta zilitumika mwaka juzi na hakuna aliyeandika ili nyingine zinunuliwe. Mkaguzi akifika huonyeshwa sanduku lililotundikwa ukutani, lakini aliyekatwa na msumeno hulifungua na kukuta mkasi na vumbi.

Deltani kuna la tatu, nalo ni unyevu. Sanduku la mbao au la bati halidumu kwenye chumvi na matope. Ndoo ya plastiki yenye mfuniko wa kukaza hufaa zaidi, na ndani yake kila kitu kiwe kwenye mfuko wa nailoni. Kwenye boti ifungwe kwa kamba mahali ambapo nahodha anaweza kuifikia bila kuacha usukani.

Mtoa huduma ya kwanza

Mafunzo hutolewa na OSHA na pia na Chama cha Msalaba Mwekundu Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1962. Kozi hufundishwa kwa vitendo, kwa kuwa kukandamiza kifua hakujifunzwi kwa kusoma. Ujuzi huo husahaulika usipotumika, kwa hiyo hutakiwa kurudiwa kila baada ya muda.

Pale wafanyakazi wanapogawanyika katika makundi, mtu mmoja aliyefundishwa hatoshi. Karakana ya watu kumi mjini Kibiti inaweza kumtegemea mmoja na mbadala wake. Watu kumi wakitawanyika kwenye mitumbwi mitano wanahitaji kuwa na angalau mmoja anayejua katika kila sehemu ambayo sauti hufika.

Umbali, maji na usafiri

Kutoka vijiji vya ndani ya delta hadi barabarani hakuna njia ya gari isipokuwa katika baadhi ya maeneo ya pembezoni. Majeruhi husafirishwa kwa mtumbwi au boti ya injini hadi mahali panapofikika kwa gari au pikipiki, ndipo apelekwe Kibiti au Hospitali ya Misheni ya Mchukwi. Anayehitaji upasuaji mkubwa huenda mbali zaidi: Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Tumbi iliyoko Kibaha, au Muhimbili na Taasisi ya Mifupa iliyoko hapo hapo, Dar es Salaam.

Safari hiyo hutegemea maji. Maji yakipwa, hasa wakati wa bamvua, vijito vingi hubaki tope tupu na boti hukwama hadi yajae tena. Kati ya kujaa na kupwa ni takriban saa sita. Aliyekatwa shoka asubuhi wakati maji yanatoka anaweza kufika kwa daktari jioni, hata kama boti, mafuta na nahodha vipo. Masika huongeza tatizo: mafuriko ya Aprili 2024 yaliyoikumba Rufiji na Kibiti yalifunika mashamba na kuzuia njia ambazo siku nyingine hupitika.

Kwa sababu hiyo mpango wa dharura ni sehemu ya huduma ya kwanza sawa na bandeji. Kabla ya kazi kuanza ijulikane boti ipi itatumika kubeba majeruhi na nani ataiendesha, dumu la mafuta ya akiba liko wapi (na lisiguswe kwa kazi nyingine), maji yatapwa saa ngapi siku hiyo, na ni sehemu gani ya karibu yenye mtandao wa simu. Namba 112 ni ya dharura ya polisi na 114 ni ya zimamoto. Namba 115 inajulikana sana vijijini kwa mpango wa m-mama, lakini huo uliundwa kwa ajili ya kusafirisha wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Msimamizi wa kazi asiuhesabu kuwa ndiyo mpango wake.

Machela hutengenezwa kwa fito mbili imara zilizopitishwa ndani ya magunia mawili yaliyotobolewa pembe, au kwa mashati yaliyofungwa vifungo. Hufaa sana kwa aliyeanguka kutoka juu ya mti au nyumba na kulalamika maumivu ya shingo au mgongo. Mtu huyo hasogezwi bila sababu, na kamwe habebwi mshikaki, yaani kukalishwa kwenye pikipiki katikati ya dereva na mtu wa kumshikilia. Njia hiyo ni ya haraka, lakini uti wa mgongo ulioumia kidogo unaweza kukatika njiani.

Majeraha na hatua zake

Majeraha ya panga na shoka ndiyo hatari ya kila siku ya wakata mikoko. Mkataji husimama kwenye tope au juu ya mizizi, mguu hauna pa kukaza, na chombo kikiteleza kwenye mkandaa au mkoko huishia kwenye muundi au mkono wa kushoto. Hatua ya kwanza ni kukandamiza kidonda moja kwa moja kwa kitambaa safi na kuendelea kukandamiza bila kufunua kila mara ili kutazama. Damu ikipenya, kitambaa kingine huongezwa juu yake na mkono huongezwa nguvu. Mwenye kusaidia avae glavu, au mfuko wa nailoni mkononi zikikosekana.

Damu ya mkono au mguu ikikataa kabisa kusimama, mshipi mpana hufungwa juu ya kidonda, si kwenye kiungo, na hukazwa kwa kijiti hadi damu ikome. Saa ya kufunga huandikwa, na mshipi hufunguliwa na mtaalamu tu. Kamba nyembamba haifai kwa kuwa hukata nyama. Kidonda chochote kilichoingia tope kinahitaji kuonwa na mtaalamu hata kama ni kidogo, kwa ajili ya chanjo ya pepopunda.

Kuumwa na nyoka kuna sheria tofauti, na hapa ndipo watu wengi huchanganya. Mshipi wa kuzuia damu haufungwi kwa aliyeumwa na nyoka. Kukaza kamba huifanya sumu ya kifutu, ambayo huharibu nyama, ifanye kazi yake mahali pamoja, na mguu unaweza kupotea. Kidonda hakichanjwi, hakinyonywi, na jiwe la nyoka halitoi sumu. Majeruhi hulazwa, hutulizwa, huvuliwa pete na bangili kabla uvimbe haujaanza, na kiungo kilichoumwa hufungwa kwenye ubao au fito ili kisichezechezwe. Kisha husafirishwa akiwa amebebwa. Hakuna haja ya kumfukuza nyoka ili kumwonyesha daktari. Swila akitema sumu machoni, macho huoshwa mara moja kwa maji mengi, hayasuguliwi. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliweka kuumwa na nyoka katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika. Linakadiria kwamba watu 81,000 hadi 138,000 hufa kwa sababu hiyo kila mwaka duniani, wengi wao wakulima na wafugaji, yaani watu walioumwa wakiwa kazini.

Mwiba wa taa au wa hongwe huwachoma wavuvi wanaotembea kwenye maji ya kina kifupi. Maumivu yake ni makali, nayo hupungua kiungo kikizamishwa kwenye maji ya moto yanayovumilika kwa nusu saa hadi saa moja na nusu. Aliyezoea kazi hupima joto hilo kwa mkono wake mwenyewe kwanza, kwa sababu majeruhi huweza kujiunguza bila kuhisi. Mwiba uliozama kifuani, shingoni au tumboni hauchomolewi.

Mtu aliyezama akitolewa majini bila kupumua hupewa pumzi tano kwanza, kisha kifua hukandamizwa mara 30 kwa kila pumzi mbili, kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika, sentimita 5 hadi 6 kwenda chini kwa mtu mzima. Desturi ya kumning'iniza kichwa chini au kumkamua tumbo ili maji yatoke hupoteza dakika za thamani na huweza kumfanya atapike na kupaliwa. Aliyezinduka naye apelekwe hospitali, kwa kuwa mapafu huweza kuharibika saa kadhaa baadaye.

Kuungua hutokea zaidi palipo na petroli, kwenye boti na kwenye nyumba inapouzwa kwa madumu. Sehemu iliyoungua hupozwa kwa maji ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha hufunikwa kwa kitambaa safi au nailoni safi. Dawa ya meno, asali, mafuta ya kula na ute wa yai havipakwi.

Kwenye mikorosho kuna hatari mbili ambazo si wengi wanaoziita ajali. Unga wa salfa unaopulizwa kuzuia ubwiriunga huwasha macho na koo. Jicho huoshwa kwa maji safi kwa dakika 15, na anayekohoa hutolewa kwenye vumbi hilo. Mafuta ya ganda la korosho mbichi huunguza ngozi kama tindikali. Anayebangua kwa mkono hutakiwa kuosha kwa sabuni na maji mara yanapomgusa, bila kusubiri lengelenge.

Mamba na viboko wapo mtoni, na katika miaka ya 2002 hadi 2004 simba waliwaua watu kadhaa wa Rufiji, wengi wakiwa wanalinda mashamba yao. Jeraha la mnyama hukandamizwa kama majeraha mengine ya damu, na hata likionekana dogo huhesabiwa kuwa chafu.

Taarifa na fidia

Kila tukio huandikwa kwenye daftari siku hiyo hiyo: jina, saa, mahali, kilichotokea, alichofanyiwa na nani. Daftari hili hudharauliwa kuliko vifaa vyote vya sandukuni, kumbe baada ya miezi mitatu ndilo pekee linaloweza kuthibitisha kwamba mkono uliumia kazini na si nyumbani.

Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF) uliundwa kwa sheria ya mwaka 2008, na waajiri walianza kuuchangia Julai 2015. Michango hulipwa na mwajiri peke yake. Mfuko hugharamia matibabu na hulipa fidia kwa ulemavu au kifo kilichotokana na kazi. Mwajiri anayeficha ajali ili asionekane mzembe humnyima mfanyakazi wake haki hiyo.

Fomu ya polisi PF3, inayotakiwa kwa majeruhi wa ajali za barabarani na mashambulio, haihusiki na huduma ya kwanza. Kukandamiza kidonda hakuhitaji kibali cha mtu yeyote.

Kazi zisizo na mwajiri

Uvuvi wa delta huendeshwa kwa mgawo. Tajiri ana chombo na nyavu, nahodha anaongoza, wavuvi wanafanya kazi. Samaki wakiuzwa, gharama za mafuta na barafu hutolewa kwanza, kisha kilichobaki hugawanywa. Hakuna mshahara, na mara nyingi hakuna karatasi. Mvuvi akiumia, tajiri husema hao ni washirika wake, na wavuvi husema chombo ni cha tajiri. Hali hufanana kwa wakata boriti: mwenye leseni kutoka kwa Wakala wa Huduma za Misitu (TFS) huwalipa wakataji kwa korija, yaani boriti 20. Malipo ya aina hiyo humshawishi mtu kufunga kidole kwa kitambaa cha shati na kuendelea, kwa sababu akipumzika hapati kitu.

Njia iliyo karibu zaidi na desturi ya wavuvi ni kulihesabu sanduku kama barafu: linunuliwe kutoka kwenye fedha za gharama kabla ya mgawo, na vilivyotumika virudishwe kwa njia hiyo hiyo. Hapo kila mmoja amechangia na hakuna anayedaiwa hisani. Vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi (BMU), vinavyotambuliwa chini ya sheria ya uvuvi ya mwaka 2003, tayari hukutanisha wenye vyombo na wavuvi kwenye diko moja. Vinaweza kuweka sanduku la pamoja, kupeleka watu wawili watatu kwenye mafunzo, na kukubaliana boti ya zamu ya dharura. Usalama wa vyombo vyenyewe, pamoja na majaketi ya kuokolea, husimamiwa na Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC).

Kwa wakata mikoko hakuna diko. Kambi huhamishwa kadiri miti inavyokatwa, na chombo kinachowaleta huondoka na boriti kikirudi baada ya siku kadhaa. Kambi iliyoachwa bila mtumbwi wowote haina namna ya kumtoa majeruhi, hata ikiwa na sanduku lililojaa.